Njia ya Bugando imefupika, saa za kiharusi bado zinapotea nyumbani

Kwa miaka mingi, kila dereva wa gari la wagonjwa aliyetoka Geita kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, alijua mahali ambapo safari ingemkwamia: Busisi. Hata angekimbia vipi kwenye lami ya Sengerema, akifika kwenye maji ya Ghuba ya Mwanza alisimama, akakisubiri kivuko, kisha akavuka taratibu kwa zaidi ya nusu saa hadi Kigongo. Tarehe 19 Juni 2025 kero hiyo iliisha. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililopewa jina la J.P. Magufuli, lilizinduliwa, na sasa maji hayo yanavukwa kwa dakika chache. Kwa mgonjwa wa kiharusi, ambaye tiba yake huhesabiwa kwa saa na dakika, hiyo ilikuwa habari njema kuliko pengine kwa mgonjwa mwingine yeyote.

Ila daraja linamfaa aliyekwisha kupanda gari. Tuseme ni saa 12 asubuhi kijijini Rwamgasa. Baba wa miaka 52, mwendesha karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, anashika kikombe cha uji na kikombe kinamponyoka. Anataka kumwita mkewe, maneno yanatoka mazito na hayaeleweki, na pembe moja ya mdomo imelegea. Jirani anasema malaria imepanda kichwani, basi kijana wa bodaboda anatumwa duka la dawa. Saa 4 wanakubaliana ni uchovu wa zamu ya usiku, alale kidogo. Jioni mkono hauinuki kabisa, na mama mmoja anaukanda kwa mafuta ya moto. Usiku kaka yake mkubwa anafika na kauli nzito zaidi: huu si ugonjwa wa hospitali. Kesho yake wanakwenda kwa mganga wa mitishamba, keshokutwa zahanati, na siku inayofuata, baada ya kuuza mbuzi na kukodi Noah, wanaingia Geita mjini. Mfano huu nimeutunga, lakini muuguzi yeyote wa zamu katika ukanda huu atazitambua hatua zake moja baada ya nyingine.

Hapo, hata akipelekwa Bugando, daraja litaokoa saa moja mwishoni mwa safari iliyokwisha kupoteza siku tatu mwanzoni mwake. Ndiyo maana nasema mjadala wetu wa kiharusi umeelekezwa upande usiofaa sana. Tunadai hospitali bingwa, mashine na madaktari, na madai hayo ni halali. Lakini Shinyanga na Geita hazilazimiki kungoja jengo jingine jipya ndipo wagonjwa wengi zaidi wapone. Vipande vingi vya huduma vipo tayari. Kinachokosekana ni mfumo unaokichukulia kiharusi kuwa dharura tangu mlangoni mwa nyumba: namba ya kupiga, gari ambalo malipo yake yanajulikana, na hospitali iliyotajwa mapema. Na mfumo wa aina hiyo ukanda huu haupaswi kuukopa popote, kwa sababu ulijaribiwa hapa hapa, kwa ajili ya akina mama wajawazito.

Mshipa mmoja, ajali mbili

Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka. Ukiziba, sehemu ya ubongo inakosa damu na kuanza kufa. Ukipasuka, damu inamwagika na kuukandamiza ubongo ndani ya fuvu lisilopanuka. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba bila kutibiwa, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Kwa kipimo hicho, mwendesha karasha wetu kuambiwa alale kidogo si ushauri wa kawaida tena. Kuna dawa ya kuyeyusha bonge la damu, alteplase, iliyothibitishwa na utafiti wa 1995 kuwa inafaa ikitolewa ndani ya saa 3, na mwaka 2008 utafiti mwingine ukasogeza ukomo hadi saa 4 na nusu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Aliyeanza kulegea saa 12 asubuhi ana hadi saa 4 na nusu, asubuhi hiyo hiyo, na ndani ya muda huo awe amefika, amepimwa na kupigwa picha.

Picha ndiyo kiini cha mambo. Kwa kumtazama mgonjwa tu, hata bingwa mwenye miaka 30 kazini hawezi kusema kwa uhakika kama mshipa umeziba au umepasuka. CT scan inasema. Dawa inayomfaa wa kwanza inaweza kumuua wa pili, na hilo linahusu pia kidonge cha aspirini kinachotolewa duka la dawa kwa nia njema: aliyepatwa na mzibo atanufaika nacho baada ya picha, aliyevuja damu kinaweza kumzidishia. Kwa hiyo mtu akiuliza kuna haja gani ya kukimbilia hospitali kubwa badala ya kumeza kitu hapa kijijini, jibu la kwanza ni hilo. Kijijini hakuna anayeweza kujua ni ajali ipi kati ya hizo mbili.

> Saa za tiba zinahesabiwa tangu mara ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima, wala si tangu ndugu walipogundua.

Kuhusu ukubwa wa tatizo, Tanzania ina bahati ya kuwa na moja ya tafiti za jamii zinazonukuliwa sana barani Afrika. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya wilayani Hai na katika mitaa ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, walipata takriban wagonjwa 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Hai, na takriban 316 Dar es Salaam, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu zaidi kuripotiwa duniani. Kahama, Katoro na Geita mjini ni miji iliyovimba kwa kasi ya dhahabu. Ina watu walioacha jembe wakashika zamu, chakula cha mgahawa chenye chumvi na mafuta, sigara, pombe na usingizi wa vipande. Kwa maisha ya namna hiyo, ningeshangaa kama hali yake ingefanana na ya Hai ya wakati ule zaidi ya ile ya Dar es Salaam. Katika wodi za Bugando nako, watafiti waliofuatilia wagonjwa waliolazwa kati ya 2009 na 2011 waliyakuta maradhi yatokanayo na shinikizo la damu, kiharusi kikiwamo, yakiongoza kwa vifo miongoni mwa magonjwa yasiyoambukiza.

Tabasamu, mikono, sentensi moja

Kukitambua kiharusi hakuhitaji chuo. Mwambie mgonjwa atabasamu au aonyeshe meno, uone kama upande mmoja wa mdomo unabaki chini. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, afumbe macho na kuhesabu hadi kumi, uone kama mmoja unashuka wenyewe. Mwambie arudie sentensi anayoijua, uone kama ulimi unakwama au maneno yanachanganyika. Moja tu kati ya hayo, likija ghafla, linatosha kuita gari. Ongeza mengine ambayo kipimo hicho huyaruka: jicho kutoona ghafla, kizunguzungu kinachomwangusha mtu asiyewahi kuwa nacho, au kichwa kuuma kwa namna ambayo mgonjwa mwenyewe anasema hajawahi kuumwa hivyo. Kisha angalia saa na uiandike, hata kwenye kiganja. Usimpe chakula, maji wala kidonge, maana koo nalo linaweza kuwa limepooza na alichokunywa kikaingia mapafuni. Kama anatapika au amezimia, mlaze kwa ubavu.

Liko tukio moja linalodanganya kuliko yote, nalo ni dalili zinazokuja na kutoweka. Mkono unakufa ganzi kwa dakika 20, kisha unarudi, na familia inamshukuru Mungu na kuendelea na shughuli. Kitabibu hicho ni kiharusi cha muda, na hatari ya kufuatiwa na kikubwa ni ya juu zaidi katika siku mbili zinazofuata. Mtu wa namna hii ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote, kwa kuwa ubongo wake bado mzima, na ndiye anayefika hospitali kwa nadra kuliko wote, kwa kuwa hakuna anayeuza mbuzi kumtibu mtu anayetembea.

Machimboni kuna mtego wa ziada. Kijana anayeyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka pembeni ya duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, hudhaniwa amelewa. Wenzake wanamvuta kivulini wamngoje apate fahamu. Pengine ni kweli amelewa, au sukari imeshuka. Lakini pombe haiulegezi upande mmoja wa uso. Jaribio la tabasamu linachukua sekunde tano, na msimamizi wa duara anaweza kulifanya akiwa bado na kofia ngumu kichwani.

"Huu si ugonjwa wa hospitali"

Maelezo yaliyozoeleka zaidi maofisini kuhusu ucheleweshaji huu ni kwamba watu wa vijijini, na hasa Wasukuma, wanaamini mno waganga. Maelezo hayo yanaridhisha kwa sababu yanamtupia mgonjwa lawama yote, na ushahidi hauyaungi mkono kirahisi hivyo. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti wa namna watu wanavyokielezea kiharusi Hai na Dar es Salaam. Imani kwamba kinatokana na mashetani au uchawi waliikuta zaidi Dar es Salaam, jijini, penye hospitali kubwa kuliko zote nchini. Hai, vijijini, walitaja zaidi sababu za kimwili. Na kote kuwili watu walichanganya tiba: hospitali, mganga, maombi. Basi tusiseme kijiji ndicho kinachozaa imani hiyo. Inashamiri pale ugonjwa unapokuja ghafla, unamkata mtu nusu kwa mstari ulionyooka, na hospitali aliyopelekwa jirani haikumrudishia mkono. Anayemwona mgonjwa akirudi kutoka wodini akiwa vilevile ana sababu ya kujaribu mlango mwingine. Mgonjwa aliyechelewa hapati nafuu, na asiyepata nafuu anamfundisha mwenzake achelewe.

Mganga mwenyewe tusimwone adui wa moja kwa moja. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inamtambua na kumtaka asajiliwe, na hiyo ni njia ya kumfikia. Mgonjwa akifika kwake ndani ya saa ya kwanza, mganga aliyefundishwa jaribio la tabasamu na kupewa namba ya kupiga anaweza kumtuma mbele na kumpokea tena baadaye kwa kuchua viungo. Heshima yake haitapungua, na malipo yake yasiwe ng'ombe wa kumshikilia mgonjwa. Ila kuna upande ambao hauna mjadala, nao ni ramli chonganishi. Ukanda huu una historia chungu ya vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wakihukumiwa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni na samadi, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Kila kiharusi kinachoachwa bila maelezo ya kitabibu kinamwachia mpiga ramli nafasi ya kumtaja mtu. Familia iliyoonyeshwa picha ya CT, ikaona doa jeupe la damu na kuambiwa kwamba presha ya baba ilikuwa 210 kwa 120, haina haja kubwa ya kumtafuta mbaya wake kijijini.

"Hata tukiwahi, dawa ipo?"

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watabibu wenyewe, na linastahili kujibiwa bila kupakwa rangi. Wanasema: dawa ya kuyeyusha bonge ni ghali mno kwa kaya ya kawaida na haipatikani kwa urahisi, mabingwa wa mishipa ya fahamu nchini ni wachache mno, wengi wa wagonjwa wetu wamevuja damu, na dawa hiyo haiwahusu. Kumkimbiza mtu kwa ajili ya tiba isiyokuwapo ni kumchosha na kuifilisi familia yake.

Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama huduma ya kiharusi ingekuwa ni sindano hiyo peke yake. Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia ulioitazama kazi ya wauguzi. Katika baadhi ya wodi walifundishwa kufuata mambo matatu tu ndani ya siku za mwanzo: kupima na kushusha homa, kupima na kudhibiti sukari, na kumpima mgonjwa kama anaweza kumeza kabla hajapewa chochote mdomoni. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa pungufu kwa takriban wagonjwa 16 katika kila 100, wakilinganishwa na wodi nyingine. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Kipimajoto, kipima sukari na kikombe cha maji vipo Kahama, vipo Nzera, vipo Kishapu. Kwa waliovuja damu, utafiti mwingine mkubwa uliochapishwa 2023, uliohusisha wagonjwa wapatao 7,000 katika nchi 10, nyingi zikiwa za kipato cha chini na cha kati, ulionyesha kwamba kushusha shinikizo la damu haraka, pamoja na kudhibiti sukari na homa kwa utaratibu mmoja, kunaongeza wanaopona vizuri. Kwa hiyo wagonjwa wale wale ambao pingamizi linasema hakuna la kuwafanyia ndio wenye faida katika kuwahi. Dawa za kushusha presha tunazo, na hizi nazo zina saa yake.

Halafu ipo CT scan yenyewe. Sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao serikali iliupata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 ilinunua mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Zamani picha ya kichwa ilimaanisha Bugando, ile hospitali ya Mwanza iliyofunguliwa 1971 na kubeba Kanda ya Ziwa nzima mgongoni. Leo swali la kuuliza mkoani ni jepesi zaidi kwa maneno na gumu zaidi kwa utekelezaji: je, saa 8 usiku wa Jumapili yupo wa kuiwasha mashine na wa kuisoma picha? Picha inaweza kutumwa kwa mtandao kwa bingwa aliyelala Mwanza au Dar es Salaam na jibu likarudi ndani ya nusu saa, mgonjwa akiwa bado kitandani Mwawaza, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wa Shinyanga. Mashine inayofanya kazi kwa saa za ofisi ni mashine ya wagonjwa wengine, kwani kiharusi hakichagui saa.

Namba 115 tayari inapigwa

Mfumo wa m-mama ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajauzindua kitaifa Aprili 2022. Utaratibu wake ni rahisi. Mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, familia au zahanati inapiga 115 bila malipo. Mratibu anauliza maswali yaliyopangwa, anaamua hospitali gani, kisha anaita gari la wagonjwa lililo karibu. Kama halipo, anamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, mwenye gari lake la kawaida, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Mfumo huu ulitatua tatizo ambalo kila mtu alidhani linahitaji mamia ya magari mapya. Magari yalikuwapo. Hakukuwa na mtu wa kuyaita wala fedha ya kuyalipa saa ile ile.

> Kijiji cha Wasukuma kinachoamka chote kwa mwano, yowe la ng'ombe walioibwa, hakishindwi kuamka kwa mdomo uliopinda.

Kiharusi kinaingia kwenye mfumo huo bila kuubomoa. Maswali ya mratibu yanaongezeka manne: uso, mkono, usemi, na saa ngapi mara ya mwisho alionekana mzima. Jibu likiwa ndani ya saa chache, mgonjwa asipande ngazi ya rufaa kidato kwa kidato, zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kila mahali akifunguliwa faili na kuandikiwa barua. Aende moja kwa moja penye CT. Wa Kakola au Kahama mjini, penye lami ya kilomita zipatazo 110 hadi Shinyanga, apangiwe Mwawaza. Wa Nyarugusu na Katoro, Geita. Wa Bwanga na ng'ambo yake, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato, ambayo imebishaniwa sana kisiasa kuhusu mahali ilipojengwa, lakini kwa mgonjwa wa magharibi ya Geita iko karibu kuliko Bugando, basi itumike. Bugando ipokee wanaohitaji upasuaji au uangalizi mahututi, nayo ipigiwe simu kabla gari halijaondoka.

Kuna wasiwasi wa haki kwamba magari ya akina mama yatachukuliwa na wazee wenye presha. Nchi hii imepigana kwa miaka mingi kupunguza vifo vya uzazi, na mtu yeyote anayependekeza kuugusa mfumo huo lazima awe mwangalifu. Jibu langu ni kwamba vipaumbele vinaweza kuandikwa ndani ya mfumo: mama anayevuja damu anatangulia, na dereva wa pili anaitwa kwa ajili ya kiharusi. Idadi ya madereva wa jamii inakua kwa kusajili, haikui kwa kununua. Aidha, kifafa cha mimba chenyewe ni moja ya njia zinazompeleka mwanamke kijana kwenye kiharusi, hivyo mratibu anayejua kumtambua mgonjwa wa kiharusi atamwokoa pia mama ambaye mfumo ulijengwa kwa ajili yake.

Watoto ambao hatuwahesabu

Tukisema kiharusi tunamfikiria mzee. Kanda ya Ziwa ina sababu ya kufikiri tofauti. Watafiti wa Bugando walipopima sampuli 17,200 za damu za watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, walikuta asilimia 20.3 wana vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe, ule ambao wengi wanauita sikoseli. Bila tiba, takriban mtoto mmoja kati ya kila tisa wenye aina kali ya ugonjwa huo hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Na hapa kinga inajulikana. Hapo hapo Bugando, utafiti ulioitwa SPHERE uliwapima watoto 202 kwa ultrasaundi ya mishipa ya kichwani. Takriban robo yao walionekana kuwa katika hatari, wakaanzishiwa dawa ya hydroxyurea, na kasi ya damu iliyokuwa ikitishia mishipa yao ikapungua.

Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi Nyakagwe anayemwona mtoto wa miaka saba akivuta mguu ghafla anapaswa kujua kile anachopaswa kujua msimamizi wa duara. Mtoto huyo mara nyingi hudhaniwa ameanguka akicheza.

Kipima presha na mfuko wa kulipa

Wapo watakaosema yote haya ni kuzima moto, na fedha iende kwenye kuuzuia. Hoja hiyo ina ukweli mwingi. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu asilimia 26 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu. Utafiti mkubwa wa Nigeria na Ghana, uliochapishwa 2018, ulihusisha presha na zaidi ya viharusi tisa kati ya kila kumi. Kipimo chake ni dakika tatu na mkanda wa mkononi, na vidonge vyake ni vya bei nafuu kulinganisha na madhara yake. Tatizo la presha ni kwamba haiumi, na mchimbaji anayejisikia mzima haoni sababu ya kumeza kidonge kila siku hadi kufa. Anayemeza wiki mbili akaacha, kwa kuwa kichwa kimetulia, yuko katika hatari ile ile. Kupima kuende kwenye mialo ya dhahabu na makarasha, siku ya malipo, watu wakiwa wamekusanyika. Lakini kinga haiondoi haja ya gari: kwa wengi, siku ya kwanza kujua kwamba wana presha ndiyo siku mkono unapolegea, na siku hiyo semina ya chumvi haimsaidii mtu.

Fedha basi itoke wapi? Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa ukitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na huduma zake ziliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mgonjwa wa kiharusi hilo lilitosha kwa mengi na lilishindwa pale pale alipohamishiwa Bugando. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeahidi kuziba pengo hilo, na kipimo chake cha kweli kitakuwa kama picha ya CT, kulazwa na miezi ya mazoezi tiba vimo ndani ya kitita cha msingi. Mazoezi tiba hasa. Mgonjwa anayeruhusiwa siku ya kumi bila mtu wa kumfundisha kutembea upya anarudi Rwamgasa kuwa mzigo wa binti wa miaka 14 anayeacha shule kumuuguza.

Kwa usafiri, ukanda wa dhahabu una mfuko ambao mikoa mingi haina. Sheria ya Madini ya 2010, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana nao na halmashauri. Geita imejenga madarasa na zahanati kwa fedha hizo kutoka mgodi wa GGM, na Msalala ina Bulyanhulu. Malipo ya madereva wa kijijini, posho ya fundi wa CT wa zamu ya usiku na vipima presha vya kwenye mialo ni vitu vidogo mbele ya bajeti ya madarasa na madawati. Havina jiwe la msingi la kuzinduliwa, na pengine ndiyo sababu havijaombwa. Wachimbaji wadogo nao wana vyama vyao, wana wenye maduara wanaogawana mawe kila mzigo unapotoka, na wana ukuta wa karasha ambao leo umebandikwa namba za wanunuzi wa dhahabu. Mpango wa migodi huandaliwa upya kila mwaka, na kipengele cha dharura ya kiharusi kinaweza kuandikwa kwa aya moja.